Siku Niliyopima Kasi ya Simu ya Bibi

Enzi zetu, na ninyi mliokulia milimani mtanielewa, simu haikuwa ya mtu, ilikuwa ya ukoo. Ya kwetu mjomba aliinunua mjini, Msamvu, akampandishia bibi kule juu ya Mlali, ikakaa ndani ya kibuyu kilichoning'inizwa dirishani kwa sababu mtandao ulifika pale tu. Kuitoa bila ruhusa lilikuwa kosa kubwa. Watoto wa siku hizi wanaingia nayo chooni.

Nakumbuka harufu ya chumba kile: moshi wa kuni, karoti mbichi, udongo wa masika. Nakumbuka pia nilivyomwogopa mjomba. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba akisema, hata baba mzazi anatulia. Alipoikabidhi simu alinitazama mimi: "Wewe msomi, hii ikifa utamweleza mama yako mwenyewe."

Mama alikuwa Kisaki, mimba imefikia siku zake. Tulikubaliana kwamba uchungu ukimshika, atapiga.

Mimi nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu wa mazoezi, kijana wa chuo, alitufundisha kuandika programu fupi. Alisema ndani ya simu kuna faili dogo linaloonyesha prosesa, yaani ubongo wa simu, inakwenda kwa kasi gani. Ukilisoma kwa msimbo na kugawanya kwa elfu moja, unapata megahezi, kipimo cha kasi hiyo. Jumamosi, bibi alipokwenda shambani, niliitoa simu kibuyuni nikaandika mistari ile kama ilivyokuwa daftarini.

Ikanijibu: 598.

Nikavuta boksi lake chini ya kitanda. Limeandikwa 1300. Zaidi ya nusu ya kasi imepotea, na aliyeigusa ni mimi! Nikawasha muziki, nikasoma tena: 1300. Nikauzima: 598. Hakuna aliyetuambia kwamba prosesa isipokuwa na kazi hupunguza mwendo ili kutunza chaji. Mimi niliona mgonjwa anayezimia kila akiachwa, kwa hiyo sikumwacha. Muziki, tochi, michezo, vyote kwa pamoja, huku nikisali Salamu Maria, hadi simu ikawa ya moto kama kiazi kilichotoka jivuni. Chaji ikaisha, ikazima. Umeme ulikuwa Mlali, mwendo wa saa mbili kuteremka, na mvua ilikuwa imeshafunga mlima.

Niliirudisha kibuyuni. Bibi alipoingia hakuweka hata jembe chini.

"Mama yako kapiga?"

"Bado, bibi."

Alivuta kigoda hadi dirishani akakaa kuisubiri, akiniambia nisipige kelele na masufuria. Kila alipoinua macho kutazama kibuyu, niliinamia jiko nikachochea kuni. Ningeweza kusema. Niliogopa.

Asubuhi mjomba alitokea kwenye njia ya migomba, tope hadi magotini. Kwetu mtu hapandi mlima kwenye mvua bila kutanguliza habari, ila kwa msiba. Nikaushika mlango.

"Shikamoo mama. Yu hai," alisema haraka, kabla bibi hajafungua mdomo. "Kajifungua kwa kupasuliwa, mtoto wa kiume. Jana alipiga sana kabla hawajamwingiza chumba cha upasuaji. Simu haikupatikana."

"Mtandao wa huku, mwanangu, mvua ikinyesha," bibi alijibu, akaanza kulia. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Baadaye sana mama alitusimulia: "Niliingia mle chumbani nikijua sina mama. Nilidhani amekufa, mnanificha."

Mtoto yule sasa ni mwanafunzi, na simu yake ina kasi ya kutisha. "Dada, simu ikitulia mwendo unashuka, hata wa chekechea wanajua," ananicheka nikimuuliza. Nyumbani kwetu mjini sasa kuna simu nne na chaja kila ukuta, na ikiita tunaitazama tu tukisema atapiga tena. Zamani mlio mmoja ulitusimamisha sote. Bibi ametangulia, aliondoka akiulaumu mtandao. Mama naye, kila wageni wakija, anasimulia jinsi mlima ulivyomnyima sauti ya mama yake, na mimi nipo hapo hapo namimina chai, najiambia leo nitasema. Utotoni nilimwogopa mjomba na fimbo yake. Sasa namwogopa mama, ambaye hajawahi kunipiga.