Mwalimu wa Kijiweni

Bisha ukitaka: mimi niliyeacha shule darasa la sita nimemfaulisha mtu mtihani wa leseni. Ni mzee mmoja wa kijiwe chetu cha bodaboda Nyamongo. Tajiri wake, mwenye pikipiki, alishamwambia kwamba bila leseni pikipiki inarudi kwake. Mzee akashinda anasoma kitabu cha alama za barabarani, na hakuna kinachoingia.

Nikamnyang'anya kitabu, nikaziba majibu kwa kiganja, nikamwonyesha picha ya ng'ombe.

"Hii inasema nini?"

"Mnada uko mbele!"

Kijiwe kizima kikacheka. Mzee akalalamika, "Dogo, unanitesa. Si uniambie tu!"

"Sikwambii, mzee wangu. Tafuta kichwani."

Akafumba macho, akakuna kidevu. "Punguza mwendo, mifugo inavuka."

Mwalimu mmoja wa Susuni aliyekuwa anasubiri usafiri akanigeukia. "Ubongo unajifunza hivyohivyo. Jibu ulilolitafuta kwa shida ndilo linalokaa. Nani kakufundisha?"

"Kipaji, madamu."

Mzee kafaulu, na mimi natembea kifua mbele. Ila kuna kipande nimekiruka. Mtihani ule tuliufanya pamoja, na mimi niliyekuwa nachungulia majibu chini ya kiganja changu pale kijiweni nimeambiwa nirudie.