Mkwe wangu alitaka kuoa akiwa amevaa kilti, nami nikamwandikia barua

Wakuu, nawasalimu nyote, wakubwa kwa wadogo.

Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji wa kimya humu. Leo naandika kwa sababu jambo lenyewe limekwisha salama, na kwa sababu kwenye makundi ya simu ya Watanzania wa hapa Birmingham kuna toleo lake lisilo sahihi linalozunguka.

Nitaeleza yaliyotokea tu, kwa mpangilio wake. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Mimi ni mstaafu wa utumishi wa umma, masijala, Tanga. Kazi yangu ilikuwa kupokea barua, kuzipa namba na kuhakikisha kila jalada liko mahali pake. Sasa naishi Bordesley Green na mke wangu na binti yetu wa pekee, Salma.

Salma alichumbiwa na kijana wa Kiskoti aitwaye Callum, fundi wa lifti kwenye maghorofa ya Ladywood. Alisilimu kabla hajamfahamu binti yangu. Naliweka hili wazi kwa kuwa najua mtauliza.

Sikuwa na neno naye. Akija kwetu hutoa shikamoo bila kukumbushwa, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu wapwa zangu.

Tatizo lilianza siku Salma aliponiarifu, tukinywa chai, kwamba Callum angevaa kilti siku ya nikaha.

Kwa wasioifahamu: ni vazi la wanaume wa Uskoti, kitambaa kizito cha sufu kinachozungushwa kiunoni, chenye marinda mengi, kinachoishia magotini.

Magotini, wakuu.

Mimi ndiye walii wa Salma. Kwa desturi yetu ningekaa mkekani uso kwa uso na kijana huyo, nimshike mkono, nimuozeshe. Sasa mfikirieni mtu aliyekunja miguu chini akiwa na vazi la namna hiyo, mbele ya shehe na wazee wa pande mbili.

Nilimwandikia barua rasmi yenye hoja tatu. Hoja ya kwanza ilihusu sitara ya mwanamume, baina ya kitovu na magoti. Ya pili ilihusu ule mkoba wa ngozi unaoning'inizwa mbele: ni ngozi ya mnyama gani? Ya tatu ilihusu kisu kidogo ambacho nilisoma kuwa huchomekwa kwenye soksi. Msikitini hatuingii na visu.

Suala la nini huvaliwa ndani nililiweka kwenye kiambatisho.

Callum alinijibu kwa barua pepe siku ya pili. Naomba nimtendee haki: alijibu kwa kufuata namba za hoja. Mkoba ungekuwa wa ngozi ya ng'ombe. Kisu kingebaki nyumbani. Ndani angevaa kaptura nyeusi ya kubana inayofika magotini. Kuhusu hoja ya kwanza aliomba twende pamoja kwa fundi wa nguo, nijionee.

Katika miaka yangu yote ya kazi, wakubwa waliojibu kwa namba za hoja sikumbuki hata mmoja.

Hata hivyo nilikataa. Nilimwambia Salma kwamba kama ni kilti, mimi sitakaa mkekani.

Hakubishana. Aliweka kikombe chake chini.

“Sawa, Baba. Wewe unapenda barua. Basi andika na ya kumpa shehe uwakala, akae yeye badala yako.”

Angepiga kelele ningejua la kujibu. Alisema kwa upole, kisha akaenda kazini, nami nikabaki na karatasi mbele yangu. Niliandika tarehe na anwani. Sikuweza kuendelea.

Mama Salma alikuwa akikuna nazi. Akaniuliza, ninapotoka na msuli wangu kupokea vifurushi mlangoni, majirani huwa wanasemaje? Nikamjibu kwamba msuli unafika vifundoni.

“Ukiwa umefungika,” akasema, na kuendelea na nazi yake.

Nikaenda kwa fundi.

Duka lilikuwa mjini, na fundi alikuwa mama wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa, mwenye futi ya kupimia shingoni na maneno machache. Callum alinipa shikamoo pale mlangoni. Sikumnyima marahaba, ugomvi wetu ulikuwa wa maandishi.

Hapa nakiri kosa langu, na ndilo linalotiwa chumvi huko kwenye makundi.

Kulikuwa na kilti ya maonyesho mezani. Nilitaka kumthibitishia yule mama kwamba jambo hili si geni kwangu, kwani nimejifunga msuli tangu ujana. Nikaichukua na kujifunga juu ya suruali, kama tunavyojifunga sisi: mikunjo yote mbele, kiuno chini ya tumbo.

Callum aligeuka kutazama ukuta. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Fundi hakucheka. Alinishika mabega, akanigeuza kama anavyogeuza sanamu la dirishani, akafungua, akafunga upya. Marinda hukaa nyuma, akaeleza, na upande ulio bapa ndio wa mbele. Kiuno ni kwenye kitovu, si chini ya tumbo. Kuna na pini kubwa ya pembeni, nayo hupita kwenye tabaka la juu peke yake. Ikishika na la chini, kitambaa kinavutika na vazi zima linakaa upande.

Nilijitazama kwenye kioo. Nasema kweli, nilisimama wima zaidi.

Kilti ya Callum haikuwa ya miraba myekundu niliyoitegemea. Ilikuwa rangi moja, kijivu cha mkaa. Fundi alisema vijana wengi siku hizi wanaipenda hivyo, na shati jeupe na koti fupi lisilo na madoido, na kwamba anayetaka kupendeza achague kitu kimoja cha kutazamwa, si vyote. Soksi ziwe nzito, zikunjwe chini kidogo ya goti. Callum alikuwa tayari ameomba pindo lishuke vidole vitatu chini ya goti. Wazee wa kwao wangenung'unika, akasema, lakini hao ni wa kwake na angezungumza nao mwenyewe.

Kisha fundi akamwambia apige magoti, kwa sababu urefu wa kilti hupimwa hivyo: unapiga magoti, fundi anaangalia pindo na sakafu.

Callum akashuka, na aliposhuka akakaa kama anavyokaa kwenye tahiyatu ya swala. Mguu wa kushoto chini yake, wa kulia umesimama kwa vidole, mikono juu ya mapaja. Fundi ilibidi amwambie ainuke kidogo. Hakuwa akinionyesha mimi. Alikuwa amenipa mgongo. Ndivyo mwili wake ulivyozoea kushuka.

Pindo lilifunika kila kitu.

Nilikuwa nimetayarisha maswali manne. Sikuuliza hata moja.

“Siku yenyewe ukae hivyo hivyo,” nikamwambia.

“Ndiyo, Baba,” akasema.

Tuliporudi nyumbani niliichana ile karatasi yenye tarehe na anwani. Salma aliviona vipande kwenye pipa. Jioni ile chai aliniletea yeye.

Nikaha ilifungwa kwenye ukumbi wa msikiti, Small Heath. Callum alikuja na kijivu chake. Kabla ya kukaa alipitisha viganja nyuma, akalaza marinda, akashuka taratibu. Nakiri kwamba sehemu ya hotuba sikuisikia kwa sababu nilikuwa nikitazama magoti. Hayakuonekana. Nikamshika mkono, nikamuozesha binti yangu kwa kauli yangu mwenyewe, akakubali kwa sauti iliyosikika hadi upande wa kina mama.

Jambo la mwisho. Baba yake Callum, mzee wa makamo yangu, nilikuwa nimempa zawadi ya kikoi. Wakati wa chakula alitokea amekivaa juu ya suruali: mikunjo yote nyuma, kimepanda hadi kitovuni, pini pembeni.

Niliinuka. Salma akanishika mkono wa kanzu.

“Baba, please. Usimrekebishe.”

Mzee mwenzangu alikuwa akipita meza hadi meza akipokea pongezi, amesimama wima.

Nikakaa. Kwa kumbukumbu zenu, hiyo ndiyo mara ya kwanza kuacha kosa lipite.

Nililojifunza: kabla hujapinga vazi la mtu, mtazame anavyokaa nalo. Na ukivaa kilti, marinda nyuma.

Wenye uzoefu na vazi hili, hasa la kukaa nalo chini, karibuni mchangie. Wanaotaka kunikosoa nao wana nafasi, ila waweke namba za hoja.