Mgeni wa Kipindi cha Mwisho

Jambo la kwanza nililoliona kwa mwalimu wa Kiingereza wa kidato cha tatu ni namna alivyomfuata kwa macho mtu ambaye hakuwapo. Nilikuwa nimeajiriwa karibuni, cheti changu bado kinanukia wino, nikaambiwa nikae nyuma ya darasa lake nijifunze kazi. Aliingia alasiri, kipindi cha mwisho, akaweka kikapu chake cha vitabu mezani. Akafungua mlango wa nyuma, ambao madarasa mengine huutia komeo mwaka mzima, kisha akavuta kiti kimoja mpaka mbele ya ubao. Akasema kwa Kiingereza, "Karibu, pita."

Hakuna aliyepita. Lakini macho yake yalitoka mlangoni taratibu, yakaja kati ya madawati, yakanipita, yakatua kitini. Nilijikuta nimevuta miguu yangu kumpisha mtu.

"Umeshakutana na mgeni wa Bi Karibu?" mwalimu wa hesabu aliniuliza kesho yake wakati wa chai. Bi Karibu ndilo jina ambalo wanafunzi walimpa. "Mimi niliwahi kukikalia kile kiti, nasahihisha madaftari. Nikainuka mwenyewe bila kuambiwa."

"Ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu. Ndiyo shida yenyewe."

Wenzake walicheka, nami nikacheka, ingawa sikujua tunacheka nini.

Mgeni huyo, kumbe, alikuwa mhusika wa hadithi iliyokuwa ikisomwa. Wanafunzi walimwuliza maswali, na yeyote aliyesoma alijibu kwa niaba yake, akisema "mimi" kana kwamba ndiye. Kiti kile hakikukaliwa na mtu. Na wakati wa maswali kila mmoja alilaza kichwa juu ya dawati, akafumba macho, mwalimu akiwemo. Sauti zilizopita kwenye mikono iliyokunjwa zilitoka nzito, zikafanana. Aliyekosea Kiingereza hakuwa na wa kumcheka, kwa sababu hapakuwa na aliyemwona.

Utaratibu huo ulikuwa na chanzo chake. Bi Karibu alipokuwa na umri wao, alitamka neno vibaya akisoma mbele ya darasa. Mwalimu wake alitangulia kucheka, wenzake wakafuata. Hakufungua kinywa tena mpaka mwaka ukaisha.

"Nilisoma kila kitabu cha shule ile kimyakimya," aliniambia, "kwa kuwa wahusika hawamcheki mtu. Lakini ulimi wangu ulikuwa umekufa, kijana. Niliufufua ukubwani, tena kwa taabu."

Aliishi na dada yake mkubwa, muuguzi mstaafu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya uwanja wa michezo. Siku moja nilimsaidia kubeba kikapu hadi kwake. Dada mtu alitupokea mlangoni, mwiko mkononi.

"Haya, leo umeniletea mgeni anayekula!"

"Dada, acha maneno."

"Niache nini? Wale wengine unawaongelesha jikoni, nikija nakuta sufuria imeungua na mtu hayupo." Akanigeukia, sauti ikashuka. "Mwanangu, wewe umesoma. Umewahi kusikia mmoja wao akimjibu?"

Nikacheka, nikasema hapana. Siku hiyo ilikuwa kweli.

Juma lililofuata darasa lilianza hadithi ya mama mshonaji. Mwanawe aliondoka nyumbani wakati wa mvua bila koti, naye akaanza kumshonea. Kila mwaka alilifumua koti akalipanua, maana mtoto lazima atakuwa amekua. Katika ukurasa wa mwisho anatia kitu mfukoni, anaushona mfuko, anakata uzi. Hadithi inaishia hapo. Ni kitu gani, haisemi.

Siku ya maswali Bi Karibu alikuwa na mafua makali, sauti imekwenda kabisa. Mlango aliufungua, akamkaribisha mgeni kwa mkono tu, na maelekezo akayaandika kwa chaki. Tukalaza vichwa. Maswali machache ya kawaida yakaulizwa, yakajibiwa kwa Kiingereza cha kuungaunga. Kisha akauliza kijana mmoja mcheshi waliyemwita Redio, kwa sababu hakuwa na mahali pa kuzimwa.

"Mama, mfukoni uliweka nini?"

Wachache wakaguna kwa kicheko, maana ule ulikuwa mtego. Nilisikia bati la paa likilialia kwa kupoa. Halafu jibu likaja kutoka mbele, sauti ya mwanamke mtu mzima, haina haraka, na Kiingereza chake kimenyooka kama uzi.

"Ufunguo wa nyumba. Asije akabisha hodi kama mgeni."

Kengele ililia, na vichwa vikabaki chini. Bi Karibu ndiye aliyeinuka kwanza. Hakumtazama mtu usoni. Alikwenda kuufunga mlango wa nyuma, akasita, akaushikilia wazi kwa muda, kama mtu anayesubiri mwenzake atangulie kutoka.

Nje ndipo midomo ilipofunguka.

"Ni wewe, usijifiche!"

"Mimi? Ningekuwa na Kiingereza kile ningekuwa bado nakaa na wewe hapa?"

"Basi ni Mwalimu."

"Mwalimu hata kukohoa anakohoa kwa maandishi leo!"

Redio peke yake hakucheka. "Mimi nilichungulia," alisema.

"Ukaona nini?"

"Visogo."

"Ee, na ulitaka uone nini, sherehe?"

"Visogo vyote vilikuwa vimetulia. Mtu akiongea amelaza kichwa, kisogo chake hutikisika. Jaribuni."

Wakajaribu palepale kibarazani. Mmoja aliinama ukutani akahesabu kwa sauti, wengine wakamtazama kisogo. Kilitikisika. Akainama wa pili, kikatikisika. Wa tatu hakutaka kujaribu.

Sikutegemea kilichofuata. Watoto waliokuwa wakivifanya vitabu mito ya kulalia sasa walivigombea kabatini. Walisoma kwa jicho la mpelelezi, wakitafuta kila pengo ambalo mwandishi aliliacha, ili walipeleke kwa mgeni. Niliwakuta wakibishana chini ya ngazi juu ya mama ambaye hajawahi kuzaliwa: kama alikuwa na hasira, kama alikuwa na majirani. Sauti ile haikurudi, ila kila aliyejibu sasa alijibu kwa uangalifu, kama mtu anayezungumza huku mwenye nyumba yumo ndani anasikiliza.

Kisha akaja mwenyekiti wa kamati ya wazazi, muuza mbao, mtu wa mabega mapana. Binti yake alikuwa katika darasa lile. Mkuu wa shule alituita ofisini, Bi Karibu kama mshtakiwa na mimi kama shahidi.

"Binti yangu ameacha kufunga mlango wa jikoni," mzee alisema. "Namwuliza kwa nini, ananiambia, baba, asije akabisha hodi kama mgeni. Nani? Hasemi! Sasa mke wangu naye hafungi. Shuleni mnafundisha Kiingereza au mnaita watu?"

Mkuu alimgeukia Bi Karibu. "Mwalimu, mimi sitaki makuu. Nitajie mwenye ile sauti, aje aseme mbele ya mzee, yaishe. La sivyo fasihi naifuta, kipindi kiwe cha mazoezi ya sarufi, na wewe unahamia kidato cha kwanza."

"Siwezi kumtaja. Kichwa changu nacho kilikuwa chini."

"Basi Jumatatu kiinue."

"Niliwaahidi sitainua, Mkuu. Siku nitakayoinua, hakuna mtoto atakayesema tena mle ndani."

"Ahadi kwa watoto?"

"Ningeiweka kwa nani mwingine?"

Muuza mbao alipiga goti lake kwa kiganja. "Mimi sijamwahidi mtu. Nitakuja, nitauliza mwenyewe, nitaangalia mwenyewe."

"Karibu sana, mzee wangu. Ila utalaza kichwa kama wengine."

"Na nisipolaza?"

"Hutajibiwa." Alilisema hilo kwa upole, kama anayemwelekeza mtu njia ya posta.

Jumatatu ilifika. Ofisini, tukinywa chai, mzee alitufunulia swali lake la mtego: jina la yule mshonaji. Hadithi haikulitaja popote, kwa hiyo mtoto atakayelibuni angebabaika, naye angemdaka kwa mkono. Alicheka sana, akaongeza sukari.

Darasani, yeye na Mkuu walikaa kwenye madawati, magoti yamewapanda kifuani. Binti yake alikuwa ameinamia kitabu, masikio yote kwa baba. Sauti ya Bi Karibu ilikuwa imerudi. Akafungua mlango wa nyuma, akavuta kiti, akasema, "Karibu, pita." Nilimtazama mzee. Macho yake yalitoka mlangoni taratibu, yakaja kati ya madawati, yakatua kitini, na sidhani kama alijua.

Tukalaza vichwa. Nilisikia dawati lake likilia alipoinama, wa mwisho kabisa, kisha pumzi zake nzito ndani ya mkono wa shati. Alipouliza, hakuuliza jina, wala hakutumia Kiingereza. Ile sauti ya ofisini haikuwapo tena.

"Mama," alisema, "yule kijana alirudi?"

Hakuna aliyecheka. Mezani kwake, Bi Karibu alivuta pumzi ghafla, nami nikaelewa kwamba hata yeye alikuwa akipigana na shingo yake. Kuinua kichwa mara moja tu kungemwokolea kipindi chake mbele ya Mkuu, na kungemwua yeye mbele ya watoto. Hakuinua. Wala mzee hakuinua; pumzi zake zilikuwa palepale, chini, zinasubiri.

Halafu mbele, karibu na ubao, mbao za kiti zikalia kidogo, kama zinavyolia mtu anapojisogeza ukingoni ili asikike vizuri. Darasa zima, wakubwa kwa watoto, tukazuia pumzi.