Nusu ya Firigisi kwa Mzee Ochola

Enzi zetu, kula hotelini halikuwa jambo la kuamka na kwenda tu. Mtu aliweza kumaliza darasa la saba hajawahi kuketi mbele ya sahani ambayo mama yake hakuipika. Nyinyi mliokua miaka ya sitini mnajua. Siku ya soko pale Rangwe, tulipofika mlangoni pa hoteli ya Mzee Ochola tulipunguza mwendo makusudi ili harufu itupate vizuri: vitunguu vikikaangwa kwa samli, samaki wakitokota kwenye sufuria nyeusi, mandazi kwenye kabati la wavu. Mama alituvuta mikono. "Mnanusa nini? Kwani mimi siwapikii?"

Hoteli yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati chenye meza nne na mabenchi, na sakafu ya udongo iliyonyunyiziwa maji kila asubuhi. Mlangoni palikuwa na jagi, karai la kunawia na taulo moja la watu wote. Kufikia saa saba taulo hilo lilikuwa limeshageuka rangi ya mchuzi. Na chakula kilikuwa kidogo! Vijana wa leo wangeuliza kama ni cha kuonja. Ugali wa ukubwa wa ngumi, kipande kimoja cha nyama, mchuzi vijiko vitatu. Lakini mchuzi ule ulikaa mdomoni mpaka unafika nyumbani. Sisi tuliozoea ugali wa mtama na muhogo, huo mweupe wa hoteli tuliuona kama keki.

Sahani iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa ya kuku, na juu yake firigisi. Kwetu firigisi ilikuwa ya mwanamume. Tena siku zile mwanamke hakula kuku kabisa, wala yai. Mama alipika kuku miaka na miaka bila kumtafuna hata mara moja. Kanisani walikuwa wameanza kusema hayo yamepitwa na wakati, lakini maneno ya kanisani yalikuwa hayajaingia jikoni.

Mimi ni pacha. Nilitangulia kuzaliwa, nikaitwa Apiyo. Kaka yangu akanifuata, akaitwa Odongo. Tulisoma darasa moja, dawati moja. Mwaka wa mtihani wa darasa la saba, Baba alikuwa anatia jembe mpini huku tukimtazama, akasema, "Atakayepita, nitampeleka kwa Ochola akale kuku."

Hakusema mvulana. Alisema atakayepita. Nililishika neno hilo. Nilipotumwa kufukuza ndege kwenye mtama nilikwenda na kitabu, na ndege walikula sana mwaka ule.

Mwalimu mkuu aliposoma majina, langu lilikuwemo. La Odongo halikuwemo. Baba alirudi nyumbani ametutangulia hatua nyingi. Lakini siku ya soko ilipofika alituambia tuoge, twende. Sote wawili.

Nilikuwa mtoto wa haya, wa kuangalia vidole vya miguu yangu mtu mzima akinisemesha. Hata hivyo siku hiyo niliingia kwa Ochola nimeinua kichwa. Niliketi kwenye benchi. Baba akaagiza kuku. Mzee Ochola, mwenye tumbo kubwa na aproni, alimpa Baba ugali na mchuzi, kisha akaleta sahani mbili. Ya kuku, yenye firigisi juu, aliiweka mbele ya Odongo. Mbele yangu aliweka mkia wa samaki.

"Haya kijana," akamwambia Odongo, "nasikia kuna mtu amepita mtihani. Hongera!"

Odongo aliinamisha kichwa. "Ni Apiyo aliyepita."

Mzee Ochola alicheka mpaka wateja wa meza nyingine wakageuka. "Basi huyo hata samaki atamaliza na miiba! Lakini kuku ni kuku, binti yangu. Unataka kuota ndevu?"

Watu walicheka. Nilimtazama Baba. Nilijua atasema. Alikuwa ametoa ahadi kwa mdomo wake. Baba alivunja ugali, akauchovya, akasema, "Kula samaki, nyara. Samaki pia ni mtamu."

Nyara maana yake ni binti yangu. Mpaka leo sipendi kulisikia neno hilo kwa sauti ya namna ile.

Aliyeniokoa ni mpishi, mama mmoja mzee tuliyemwita Min Oyoo. Alitoka jikoni na mwiko mkononi, macho mekundu kwa moshi. "Ochola, hawa si ni mapacha wa nyumba ya kule mtoni?"

"Ndio."

"Na umempa mmoja, mwingine ukamnyima? Wewe una kichwa kweli? Yakitokea mabaya humu ndani, mimi simo!"

Hapo kicheko kilikatika. Kwetu mapacha hupewa sawa. Ukimpa mmoja nguo, mwingine apewe nguo. Ukimnyima mmoja, umeita balaa. Mzee Ochola alikimbia kuleta kisu. Kuku akagawanywa. Firigisi ikakatwa katikati, nusu kwangu, nusu kwa Odongo.

Ilikuwa ndogo kama ncha ya kidole gumba. Ilikuwa na chumvi, vitunguu na moshi, na sijala kitu kitamu kama hicho tena. Lakini niliitafuna kwa hasira. Sikupewa kwa sababu nilipita. Nilipewa kwa sababu walimwogopa pacha.

Barua ya shule ya sekondari ya wasichana ilikuja. Baba aliisoma, akaikunja, akaichomeka kwenye boriti ya paa. Mwezi wa kwanza Odongo alirudi darasa la saba kurudia mtihani, na mimi nikapewa jembe, lile lile la mpini mpya. Nilingoja mtu atoke jikoni na mwiko, aulize mbona mmoja amepewa na mwingine amenyimwa. Hakuna aliyetoka.

Juzi nilikwenda Homa Bay na mjukuu wangu, akanipeleka hoteli ya ghorofa inayotazama ziwa. Sahani zao zimejaa kama za watu wa kupalilia shamba, na ladha huioni. Kila mtu na taulo lake la karatasi. Wasichana wamekaa, wanakula kuku, wanacheka, na hakuna anayewauliza habari za ndevu. Hilo lilinifurahisha. Mjukuu wangu alipiga picha chakula kabla ya kukigusa, kisha akasukuma firigisi pembeni.

"Dani," akaniita, yaani nyanya yake, "hiyo siwezi. Inatafunika kama mpira."

Nilivuta sahani yake kwangu. "Mnafungua shule lini?"

"Jumatatu. Usinikumbushe, Dani. Shule inachosha!"

Niliila yote, nzima, bila kisu. Haikuwa na moshi wala chochote cha kwa Ochola. Nilipomaliza nilinawa mikono, nikamwambia, "Jumatatu nitakupeleka mwenyewe. Nitasimama getini mpaka nikuone umeingia darasani."