Mkate wa mashine uligoma kuumuka mpaka Ami alipoitukana chai yetu

Wakuu, salaam kwenu. Nimeona kuna dada humu analalamika kuwa mashine yake ya mkate inamtolea tofali. Nami nieleze yaliyonikuta, na wallahi siongezi chumvi.

Chumvi yenyewe ndiyo habari.

Ilikuwa miaka ya tisini, Mtopanga. Baba alitangulia, kisha mama. Mimi ndiye mkubwa, nikaacha shule nikabaki na wadogo zangu, Zuhura na Salim.

Ami, nduguye baba, alikaa Frere Town. Mtu mwema, ila ulimi wake haukuwa na breki. Baada ya arobaini ya mama alinikalisha kitako.

"Zuhura nitamchukua mimi. Salim ataenda kwa jamaa zetu Likoni. Wewe utaolewa. Mtakula nini hapa?"

"Ami, nipe mpaka mfungo uingie."

"Haya. Tutaona."

Tegemeo langu lilikuwa mashine ya mkate. Mama mdogo, aliyekuwa akifanya kazi Jedda, alituletea alipokuja kuhani msiba wa mama. Unatia maji, unga, sukari na chumvi, hamira juu, unafunga. Inakanda na kuoka yenyewe.

Bi Rukia, jirani mwenye mkahawa, aliahidi kuchukua mikate yangu kila siku, ikiwa laini.

Haikuwa laini. Ilitoka mifupi, mizito, imeshikana ndani. Bi Rukia aliubonyeza mmoja akasema, "Mwanangu, huu wateja watanirushia." Salim naye kila asubuhi aliugonga mezani kwanza, ati anabisha hodi.

Nikabadilisha hamira. Nikabadilisha unga. Nikapasha maji yawe vuguvugu. Nikaacha kufungua kifuniko kuchungulia (hili nalo lina madhara yake, msilifanye). Wapi.

Kitabu cha mashine kilitaka kijiko cha chumvi, nami nilikifuata neno kwa neno.

Mfungo ukawa unakaribia. Jioni moja Ami akaja, Zuhura akamtilia chai. Akapiga funda moja, akaweka kikombe chini.

"Mumetia nini humu?"

"Sukari na tangawizi, Ami."

"Mimi naona mumechota baharini. Nyinyi watu wa visima, ndimi zenu zishakufa."

Zuhura alicheka. Mimi sikucheka.

Kisima chetu kilikuwa na maji ya chumvichumvi. Tulizaliwa tukiyanywa, hatukuyasikia tena. Na kile kitabu kiliandikwa na mtu anayefungua mfereji wa maji ya bomba jikoni kwake. Kumbe kila nilipotia kile kijiko, nilikuwa natia chumvi juu ya chumvi, na hamira haipandi ikizidiwa na chumvi.

Kesho yake nilikwenda kwa Ami na mtungi, nikachota mferejini. Mkewe akaniuliza kama kisima kimekauka. Nikamwambia la, nataka kujaribu kitu.

Nikapima kila kitu vilevile. Mkate ukapanda mpaka ukagusa kifuniko.

Bi Rukia aliubonyeza, kidole kikazama, mkate ukarudi. Aliuweka kwenye kabati la kioo, mbele ya mahamri yake.

Ami alikuja mkesha wa mfungo, kama tulivyoagana. Begi la Zuhura lilikuwa mlangoni, alilifunga mwenyewe mapema asije akaaibika kulia mbele ya watu. Nikamtengea Ami mkate na chai. Akala kipande, akaongeza cha pili.

"Mumenunua wapi?"

"Umeokwa hapa, Ami. Kwa maji yako. Bi Rukia anachukua kila siku."

Alitafuna polepole. Akalitazama begi. Akautazama mtungi pembeni.

"Mtungi wenyewe mdogo huu," akasema.

Wiki iliyofuata alikuja na baiskeli, madumu mawili ya maji nyuma. Akawa anakuja hivyo mpaka mfereji ulipofika kwetu. Zuhura lile begi alilitumia kwenda nalo shule.

Basi dada, kabla hujailaumu mashine, onja maji yako. Au bora mpe mgeni ayaonje, maana wewe umeshayazoea.

Na nyinyi wengine, hasa wa Kisauni na Likoni, mnakandia maji gani? Semeni tusikie.