Mayai Meusi ya Kabungu

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa bwana shamba kijijini Kabungu, kijana niliyetoka chuoni na maneno mengi. Msimu ule maharage yalivamiwa na kunguni wa kijani, wale ambao ukiwagusa wanakuachia harufu mkononi hadi unaona kinyaa kula. Wananyonya maganda machanga, na ukija kupukuchua unakuta punje zimesinyaa.

Aliyenisikiliza alikuwa mama mmoja mjane, wa kabila la Wabende, mwenyeji wa pale pale. Nilimwonyesha mayai ya kunguni chini ya jani. Yale meupe yangetoa kunguni. Yaliyogeuka meusi yalikuwa yametagiwa ndani na nyigu wadogo kuliko sisimizi, na kilichokuwa kinakua humo ni nyigu.

"Kwa hiyo haya meusi tusiyaponde," alisema.

"Tuyatafute zaidi, mama. Na dawa usipige kabisa, itawaua."

Alifanya kuliko nilivyomwambia. Kila asubuhi aliinama kwenye magugu ya kando ya mto, akachuma majani yenye mayai meusi, akayafunga kwa uzi kwenye mashina ya maharage yake. Majirani walicheka, eti mama huyu siku hizi anafuga wadudu. Lakini baada ya wiki chache ilibidi utafute sana ndipo umwone kunguni shambani kwake. Nikajiona na mimi ni mtu.

Kisha mkubwa wangu akaniita ofisini Mpanda. Wageni kutoka mkoani walikuwa wanakuja kuona shamba lile.

"Wakimwona mdudu hata mmoja, wataniuliza nyie mnafanya kazi gani," alisema. "Kapige dawa."

"Mzee, nyigu watakufa wote."

"Hao nyigu nani atawaona?"

Ningeweza kukataa. Lakini nilikuwa bado sijathibitishwa kazini, basi nikabeba bomba mgongoni.

Mama alinikuta kwenye tuta la pili.

"Mwanangu, hayo ni maji?"

"Ni dawa, mama. Nimeamriwa."

Alikimbia mbele yangu akikata nyuzi, akikusanya majani yake kwenye kitenge, na mimi nyuma yake napiga. Hata mwendo sikupunguza.

Wageni walisimama barabarani, hawakukanyaga hata tuta moja. Walisifu. Mkubwa wangu aliniandikia barua nzuri, nikathibitishwa.

Kunguni walirudi kutoka mashamba ya jirani kabla maharage hayajakomaa, na safari hii hapakuwa na kitu cha kuwazuia, maana hata nyigu wa majani aliyoyaokoa mama walikufa kwa dawa iliyobaki mashinani. Mama alivuna madebe machache ya maharage yaliyokunjamana. Mnunuzi alichota kiganjani, akatazama, akayarudisha guniani, akaondoka.

Msimu uliofuata nilimkuta shambani anapiga dawa, pua wazi, kitenge kimelowa mgongoni. Nikamwambia tuanze upya na nyigu.

"Bwana shamba," alijibu, mkono haujaacha kupampu, "kuwafuga ulinifundisha wewe. Kuwaua pia ulinifundisha wewe. Mimi nimeshika hilo la pili."

Mwezi ule ule niliomba uhamisho. Kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya kueleza sababu, niliandika afya.