Koti la Kampuni

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati la kuazima, kwa sababu niliambiwa kazi yenyewe ni ya kusema mbele ya watu. Kumbe watu wenyewe wangekuwa gizani na hakuna ambaye angeniona. Banda la video lilikuwa nyuma ya soko, Singida mjini. Madirisha yalizibwa kwa magunia ili mchana ufanane na usiku, na mbele kabisa palikuwa na televisheni moja na deki, yaani kile chombo tulichotumbukizia kanda. Ninyi mnaotazama filamu mmejilaza na simu kifuani mtacheka, lakini pale watu walibanana kwenye mabenchi na kufurahi, isipokuwa yule aliyekaa nyuma ya mwenye kofia.

Mwenye banda tulimwita Hajati. Alikuwa mama wa biashara, ukoo wake nusu wa pwani na nusu wa huku huku bara, na hakupenda maneno mengi.

"Shikamoo, Hajati."

"Marahaba. Kiingereza unakijua?"

"Nakijua kiasi."

"Kiasi kinatosha. Watu hawaji hapa kusikia Kiingereza."

Ndivyo nilivyopata kazi ya mtafsiri wa filamu. Nilikaa kando ya televisheni na maiki, filamu ikitembea, nami nikieleza kwa Kiswahili nani kasema nini, na pale nisipomwelewa nilieleza alichopaswa kusema. Nilifundishwa na Fundi Mkuu, bwana mmoja mfupi aliyesimamia mitambo ya Hajati yote. Yeye ndiye aliyenionyesha kupoza, yaani kushusha sauti ya filamu pale ninapoongea na kuipandisha bunduki zinapoanza. Alikuwa mkali.

"Mtu akilia kwenye picha, wewe nyamaza," aliniambia. "Kilio hakina tafsiri. Na steling hafi. Akifa, utajibu wewe, si mimi."

Steling, kwa asiyejua, ni yule shujaa wa filamu. Watazamaji wetu walikuwa na imani naye kuliko walivyokuwa na imani na mvua.

Nilipokomaa nilihamishiwa Ilongero, kwenye banda la pili la Hajati. Lilikuwa la udongo lenye paa la bati, na jenereta lilinguruma uani. Msimu wetu ulikuwa kiangazi. Nimesikia kwamba Marekani nako filamu kubwa kubwa hutolewa kiangazi, watoto wanapofunga shule. Kwetu sababu ilikuwa nyingine: uwele umeshavunwa, alizeti imeshauzwa, na mtu ana nafasi ya kukaa. Filamu yao ya kiangazi ilitufikia kiangazi kingine, au cha baadaye tena, ikiwa na mikwaruzo yake, nasi tuliipokea kama mgeni aliyekawia njiani.

Na nyingi ya filamu hizo zilikuwa za muendelezo. Pati tuu, pati thrii, kama watu walivyoziita. Vijana wananiuliza sana maoni yangu juu ya hizo, wakijua nimezitafsiri kwa miaka mingi, nami nasema bila kuuma maneno: nyingi ni supu iliyoongezwa maji. Sehemu ya kwanza inaungua nyumba. Ya pili unaungua mji. Ya tatu inaungua dunia nzima, halafu mtengenezaji anaketi na kukuna kichwa, ya nne aunguze nini? Adui wa sehemu ya pili huwa ni kaka wa adui wa kwanza, na hasira zake ni zile zile. Hata hivyo nilikuwa nazipenda na bado nazipenda. Mtu harudii supu kwa sababu ya maji, anarudia kwa sababu anamjua mpishi.

Filamu iliyotikisa Ilongero kuliko zote ilimhusu askari mmoja mpelelezi mwenye koti refu la kahawia. Jina lake la kizungu lilitushinda, tukamwita Bwana Koti. Alikuwa na pua kubwa, mwendo wa taratibu, na mke aliyekuwa akimsubiri mlangoni kila anapotoka kupambana na majambazi. Sehemu ya kwanza tuliirudia mpaka watu wakawa wanaijibu televisheni kabla sijafungua mdomo.

Ikaja sehemu ya pili. Siku ya mnada, alasiri, banda limejaa, Hajati mwenyewe kaja kutoka mjini. Filamu ikaanza, mlango ukafunguliwa, akaingia Bwana Koti na koti lake. Uso ulikuwa wa mtu mwingine. Pua ndogo, shingo ndefu, kijana mno.

"Huyu nani?" sauti ikatoka nyuma.

"Tumeibiwa! Si yeye huyu!"

Benchi likaanguka. Mimi nilikwishaelewa, maana kazi hii inakufundisha: mwigizaji wa kwanza hakuelewana na matajiri wake, wakamwajiri mwingine. Lakini kabla sijalisema hilo kwenye maiki, mtu mmoja alisimama katikati ya banda. Alikuwa Bwana Saidi, mfugaji mwenye sauti nzito na maneno ya kukata.

"Kaeni chini! Huyo ni mdogo wake. Yule wa kwanza keshafariki. Hamuoni kavaa koti la marehemu?"

Banda zima likakaa. Ndivyo ilivyo kwetu: msiba ukiisha, nguo za marehemu hugawiwa ndugu, na anayepewa lile vazi lake kuu huchukua na nafasi yake. Kwa watazamaji wangu jambo lilikuwa wazi kuliko mchana. Watu wakaanza kumpa pole yule mwanamke wa kwenye filamu. Hajati akanifanyia ishara kwa mkono, songa mbele. Nikasonga, nikawa namwita yule kijana mdogo mtu kwenye maiki. Dakika chache baadaye Koti mpya akamkumbatia mke mlangoni, na Bwana Saidi akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Karithi. Hata Wazungu wanarithi."

Hapo vichwa vyote viligeuka kwenye benchi la wanawake. Walikuwa wakimtazama Mama Hadija. Mumewe, kaka yake Bwana Saidi, alikuwa amefariki mwaka uliopita, akamwachia watoto, shamba zuri la alizeti na ng'ombe kadhaa. Bwana Saidi alikuwa anataka kumrithi mama huyu pamoja na vyote hivyo, na mama alikuwa hataki. Kila mtu Ilongero alilijua hilo. Mama Hadija alitandaza khanga yake kichwani, akatoka.

Sikuwahi kufikiri kwamba filamu inaweza kwenda kukaa kwenye kikao cha ukoo, lakini hiyo ilienda. Wazee walikuwa wakisitasita kumlazimisha, maana dunia ilikuwa inabadilika. Sasa Bwana Saidi akapata hoja. Kila alipokaa, kwenye pombe, kwenye bao, alisema: mnasema mila zetu zimepitwa na wakati, mbona Wamarekani wenyewe wanarithi, na Msemaji kathibitisha kwenye maiki? Msemaji nilikuwa mimi. Siku ya kikao ikapangwa.

Mama Hadija alinikuta asubuhi nafagia banda. Hakuingia ndani.

"Kaka Msemaji, za asubuhi?"

"Nzuri, Mama Hadija. Karibu."

"Sikai. Nataka kukuuliza. Yule mwanamke wa kwenye picha alikubali mwenyewe, au alilazimishwa?"

Nikamweleza ukweli wote: kwamba hakuna aliyekufa, kwamba mtu ni yule yule kwenye hadithi, kwamba waigizaji ni waajiriwa na mmoja alibadilishwa. Nilidhani atafurahi. Alinitazama kwa hasira ambayo nilistahili kabisa kutazamwa nayo.

"Unaniambia mimi ili nifanye nini? Mimi siulizwi kitu. Uliliambia banda, basi liambie banda."

Wiki ile ile Hajati akaleta sehemu ya tatu. Nikatazama picha ya kwenye jalada. Matajiri wa filamu walikuwa wamepatana na mtu wao. Yule wa kwanza, mwenye pua kubwa, alikuwa amerudi.

"Hajati, tuna kazi," nikamwambia. "Marehemu huyu hapa."

"Nimemwona. Sema ni pacha. Sema alipotea porini akarudi. Wewe mdomo wako ndio mtaji wangu, tafuta maneno."

"Kuna mama wa watu atarithishwa kwa ajili ya maneno hayo."

"Mambo ya ukoo si ya banda. Ukiniharibia jina la kazi, hapa Ilongero hutakaa."

Hajati hakuwa mtu mbaya. Alijua tu kwamba watazamaji wakigundua wamedanganywa mara moja, hawaamini tena, na banda la video ni imani kwanza, jenereta baadaye. Nami niliipenda kazi yangu pale. Nilikuwa nimejenga, nilikuwa nimezoeleka. Sikulala vizuri siku zile.

Siku ya kuionyesha ilipofika watu walijaa hadi mlangoni. Bwana Saidi alikaa benchi la mbele na wazee wawili wa ukoo, kama mwenye sherehe. Mama Hadija alikuwa nyuma, kasimama. Filamu ikaanza kwa mvua, barabara tupu, na mtu anatembea taratibu. Akageuka. Pua ile!

"Maskini! Marehemu huyo!" mama mmoja alipiga kelele, na wengine wakaanza kukimbilia mlango.

Nikanyoosha mkono nikasimamisha deki. Hilo ni jambo ambalo mtafsiri hafanyi, ni sawa na muadhini kukatiza adhana. Nikawasha maiki.

"Ndugu watazamaji, naombeni mkae. Hakuna aliyekufa. Hakuna mdogo mtu. Hawa ni watu wanaoajiriwa kuigiza. Wa kwanza aligombana na kampuni yake, wakamchukua mwingine, na sasa wamepatana na yule wa kwanza, amerudi kazini. Yule mwanamke hakufiwa na hakurithiwa."

Kisha Bwana Saidi akasimama.

"Hakuna mdogo mtu?"

"Hakuna."

"Yule tuliyemwona ni nani?"

"Mwajiriwa. Kalipwa mshahara wake, kaenda kwao."

Alifikiri kidogo, halafu akaniuliza kwa uchungu wa kweli: "Na koti?"

"Koti ni la kampuni."

Sijui ni nani alianza kucheka. Nadhani ni mmoja wa wale wazee wawili. Kicheko kilitoka benchi la mbele kikaenda hadi uani kwa wasiokuwa na nafasi, watu wakashikana mabega, wengine wakatokwa na machozi. Bwana Saidi alijaribu kuendelea kusema lakini kila alipofungua kinywa mtu alimjibu, "La kampuni!" Nilimtafuta Mama Hadija kwa macho. Alikuwa ametoka. Nikajua anakimbilia kwao na furaha yake, nikawasha deki tukaendelea, na hakuna aliyedai kurudishiwa kiingilio.

Kikao cha ukoo kilikaa siku iliyopangwa. Nilisimuliwa kwamba Bwana Saidi alipoanza na habari za Wamarekani, mzee mmoja alimwuliza koti ni la nani, na kikao kikaishia hapo kwa vicheko. Mama Hadija alibaki na watoto wake, shamba lake na ng'ombe wake. Hajati naye alitimiza ahadi. Mwezi haukuisha, Fundi Mkuu akaniletea habari ya uhamisho kwenda Itigi.

"Hajati anasema huko kuna treni," aliniambia, akijizuia kucheka. "Ukisema ukweli tena, watazamaji watakuwa na pa kukimbilia."

Itigi ndipo nilipomalizia sehemu kubwa ya kazi, nikiwatafsiria wasafiri wanaosubiri treni na walina asali waliotoka vichakani. Nilioa huko, nikapata watoto. Baadaye zikaja diski zenye sauti ya mtafsiri iliyorekodiwa tayari, kazi ya vijana wa mjini wenye mizaha mingi na kupoza kidogo. Kisha zikaja simu, na mabenchi yakapungua watu. Sikufukuzwa na mtu. Siku moja nilizima maiki na sikuona sababu ya kuiwasha kesho yake.

Sasa niko Mwankoko, nina kuku, nina bustani, na binti yangu ana televisheni pana kama mlango. Tunatazama. Wameshafika sehemu ya nane, ya tisa, steling ameota mvi na anaruka madaraja vile vile. Binti ananiambia, baba, hizi zinajirudia. Ni kweli zinajirudia. Lakini nimeishi kiasi cha kujua kwamba mtu haendi kutazama muendelezo ili aone jipya. Anakwenda kuhakikisha kwamba wale aliowaacha bado wapo.

Mwaka huu Mama Hadija alikuja Mwankoko, mjukuu wake anaolewa kwa jirani yangu. Amezeeka vizuri, ananitania bado kwa jina la Msemaji. Tulipokuwa tunakula pilau nikamkumbusha siku ile, nikamwambia nilijua alikimbia kwao kwa furaha.

"Furaha?" akasema. "Furaha ilikuja baadaye. Nilitoka kwa sababu nilijua yule bwana wa kwenye picha anaelekea nyumbani kwa mkewe. Mume wangu alikuwa na mwaka tu kaburini. Ningemtazamaje mtu anarudi?"

Nikamwongezea pilau. Yeye akala kidogo, akaweka kijiko.

"Miaka yote hii nimetaka kukuuliza. Alipofika, mkewe alimwambia nini?"

Hiyo sikuhitaji kuikisia. Nilikuwa nimeitafsiri Ilongero na Itigi mara nyingi, na Kiingereza chake kilikuwa chepesi.

"Alimwuliza kama amekula."

Mama Hadija akacheka, akainua upindo wa khanga akajifuta macho.

"Na mimi," akasema, "ndicho ningemwuliza."